Mwakilishi wadi hana mfuko wa barabara

Kila baraza Malindi, iwe Ganda, Shella au Kakuyuni, swali halikosi: "Mheshimiwa, mbona hujatutengenezea barabara?" Kiongozi hujibu kwa ahadi, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa kuwa mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, hajengi barabara.

Sheria ya Kenya ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza kufanya kazi za watendaji. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwabana gavana na mawaziri wake. Ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge ni mambo ya mbunge. Barabara kuu ya kwenda Mombasa ni ya serikali kuu; vichochoro, soko, taka na chekechea ni vya kaunti.

Kosa kubwa ni wakati. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha ujao hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayedai taa za mtaa mwezi wa Mei amekwisha chelewa: mradi usiokuwa kwenye mpango ule haupati fungu kwa urahisi.

Kwa hiyo, andika ombi mwezi wa Julai au Agosti. Taja mahali hasa (kutoka msikiti upi hadi kisima kipi), weka sahihi za majirani, peleka kwa msimamizi wa wadi na nakala kwa karani wa bunge la kaunti. Dai nakala yako igongwe muhuri. Maneno ya barazani hayana muhuri.