Gemu za Zamani Hazikuwa Lelemama, ila Sababu Siyo Unayoidhani

Kijana akishika pedi ya gemu na mtu mzima akasimama nyuma yake, haikawii kusikika: "Nyie mnadekezwa. Gemu tulicheza sisi." Nami nimeisema kauli hiyo mara nyingi, tena kwa sauti ya juu. Ina ukweli kidogo. Iliyobaki ni kumbukumbu inayotupaka mafuta, pamoja na hesabu za pesa ambazo hatukuonyeshwa wakati ule.

"Zilikuwa ngumu kwa sababu watengenezaji walimheshimu mchezaji"

Walichoheshimu ni sarafu. Gemu nyingi za mwisho wa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980 zilizaliwa kwenye mashine zilizokaa katika baa na kumbi za burudani za Japani na Marekani, na kila raundi ililipiwa. Mtu akicheza nusu saa kwa sarafu moja, mwenye ukumbi amekula hasara. Ilibidi ufe mapema, lakini ufe ukiamini kwamba ungetoboa kama si kile kikosa kimoja kidogo.

Ndani ya mashine nyingi mlikuwa na swichi ndogo za kupanga mambo: mchezaji apewe roho, yaani nafasi za kufa, tatu au tano, maadui wawe wakali kiasi gani, roho ya nyongeza itoke baada ya alama ngapi. Gemu ileile ingeweza kuwa nyepesi ukumbi huu na nzito ukumbi wa jirani. Anayejigamba kwamba aliimaliza mwaka 1985 aulizwe kwanza swichi zilikaaje.

Ukatili wenyewe uko kwenye Ghosts 'n Goblins, ya kampuni ya Capcom, iliyotoka mwaka huohuo. Shujaa akiguswa mara moja anavuliwa deraya na kubaki na chupi, akiguswa tena anakuwa mifupa. Ukijitahidi mpaka ukamshinda bosi wa mwisho, yule adui mkuu, unaambiwa ulikuwa mtego tu, rudi mwanzo. Mwisho wa kweli unaupata ukiimaliza mara ya pili.

Waliokulia kwenye mabanda ya PlayStation huku kwetu wataona tofauti. Pale mechi ya mpira inalipiwa kama ilivyo, ushinde ushindwe, kwa hiyo mwenye banda hana haja na ugumu. Anachobana ni muda wa kipindi. Mkienda dakika za nyongeza, ananuna.

"Kila ugumu ulipangwa na fundi"

Space Invaders ya mwaka 1978 inajibu. Wavamizi 55 wanashuka taratibu, na kadiri unavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyozidi kukimbia, hadi yule wa mwisho anakupa kiwewe. Tomohiro Nishikado, aliyeiunda, hakuanza na wazo hilo. Mashine yake ilielemewa na kazi ya kuchora wavamizi wengi. Wakipungua, inapata nafuu na kuharakisha. Aliona inanoga, akaiacha. Ule mtindo wa gemu kuwa ngumu kadiri unavyosonga mbele, ambao leo tunaudai kama haki, unadaiwa sana na udhaifu huo wa mashine.

"Sisi hatukutafuta njia ya mkato"

Tuliitafuta sana. Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alipokuwa akiihamishia gemu ya Gradius kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo mwaka 1986, aliona gemu yake mwenyewe inamshinda. Akajiwekea mlango wa nyuma: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Gemu ikatoka na mlango ukiwa wazi. Kwenye Contra, mfuatano huohuo ulibadilisha roho tatu kuwa 30. Na wale tuliocheza kwa kaseti za kunakili, zile zenye orodha ndefu ya gemu zinazojirudia kwa majina tofauti, mara nyingi tulikuta Contra ya roho 30 inatusubiri kwenye orodha. Hatukubonyeza hata hiyo siri, kisha leo tunajigamba.

Nintendo ya Marekani nayo ilikuwa na wafanyakazi waliopokea simu siku nzima kuwaelekeza watoto waliokwama. Msaada ulikuwepo, ila ulipitia mlango mwingine.

"Hofu ya gemu ngumu ni ugonjwa wa kizazi hiki"

Super Mario Bros. 2 ilitoka Japani mwaka 1986. Nintendo ya Marekani ikaiona ngumu mno, ikaikataa, na mwaka 1988 ikawauzia Wamarekani gemu nyingine kabisa iliyovalishwa sura ya Mario. Ile ya awali waliipata mwaka 1993.

Lakini Marekani hiyohiyo iliwahi pia kukaza gemu makusudi. Kule watu walikodi kaseti kwa siku mbili tatu, na aliyeimaliza wikiendi hakuwa na sababu ya kuinunua. Ndiyo maana watoto wengi walioipenda The Lion King ya mwaka 1994, wakimfuata simba mdogo mwenye jina la Kiswahili, walilia kwenye hatua ya pili kabisa, ile ya nyani wanaomrusha huku na huku. Louis Castle wa Westwood Studios, kampuni iliyoiunda, alieleza miaka mingi baadaye kwamba Disney walitaka aliyekodi asifike mbali. Mtoto alidhani hajui kucheza.

"Leo hakuna anayetaka kuteseka"

Shuhei Yoshida, aliyekuwa mkubwa wa studio za Sony, aliijaribu gemu ya Demon's Souls kabla haijatoka mwaka 2009. Baada ya karibu saa mbili alikuwa bado mwanzoni, akaiona mbovu, na Sony haikuichapisha Marekani, ikachukuliwa na kampuni ya Atlus. Baadaye alikiri kosa. Waundaji walewale, FromSoftware, walitoa Elden Ring mwaka 2022, gemu inayokuua bila huruma na isiyo na kitufe cha kuchagua urahisi. Ndani ya mwaka mmoja iliuza zaidi ya nakala milioni 20.

Kilichobadilika ni bei ya kufa. Zamani roho zikiisha, unarudi mwanzo kabisa na jioni yako imekwenda. Leo unarudi hatua chache nyuma na kujaribu tena. Mchezaji wa sasa anakubali kuuawa mara 40 na bosi mmoja, ila hakubali kurudia saa mbili ambazo tayari alishazishinda. Naye ana haki: ameshalipa pesa yake yote, hakuna wa kumkamua sarafu.

Isipokuwa kwenye simu. Candy Crush Saga ya mwaka 2012 inakupa roho tano. Zikiisha, kila moja inarudi baada ya dakika 30, au unalipa. Ukitaka kumwona mwenye ukumbi wa 1985, ndiye huyo, amehamia mfukoni mwako.

"Kuweka msaada ni kuharibu gemu"

Hili nalipita haraka. Celeste ya mwaka 2018 ni ngumu kwelikweli, na ndani yake kuna mpangilio wa kupunguza kasi au kumfanya mhusika asife. Usipoufungua, mlima ni uleule. Na Crash Bandicoot ya mwaka 1996, tunayoililia kwa ugumu wake, ilikuwa ikiwahesabu waliokufa mno mahali pamoja na kuwatupia kinyago cha kinga kimyakimya. Tulisaidiwa bila kuombwa ruhusa.

"Vijana wa leo hawana uwezo"

Kwenye Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989, gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka, kizazi chetu kilikubaliana kwamba hatua ya 29 ndiyo kaburi. Vipande vinashuka kwa kasi ambayo hata ukishikilia kitufe, kipande hakifiki ukutani kwa wakati. Tukafunga mjadala. Wakaja watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kaseti hiyo, wakafundishana kwa video, wakagundua namna ya kuacha kidole gumba kitulie juu ya kitufe na kuigonga pedi kwa nyuma kwa vidole vingine, kama mpiga ngoma. Kaburi likawa mlango. Desemba 2023, mvulana wa miaka 13 kutoka jimbo la Oklahoma, Marekani, alifika hatua ya 157, na pale programu yenyewe ikashindwa kuendelea. Picha iliganda kwenye skrini, yeye bado ameshika pedi.