Timu Mbovu Humchafua Mchezaji Mzuri: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Takwimu za Hoki ya Barafu

Julai 2018, klabu ya Buffalo Sabres ilimpeleka kiungo wake Ryan O'Reilly kwa St. Louis Blues kwa kubadilishana wachezaji. Katika msimu uliokuwa umemalizika, Sabres walishika mkia wa ligi nzima ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, wakiwa na pointi 62 katika mechi 82, na mbele ya jina la O'Reilly, kwenye safu ya plasi-mainasi (tofauti ya mabao timu inayofunga na inayofungwa mchezaji akiwa kwenye barafu), palisomeka -23. Miezi 11 baadaye alinyanyua Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa ligi hiyo, na Blues, akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano, akapewa tuzo ya Selke ya mshambuliaji anayekaba vizuri kuliko wote. Safari hii mbele ya jina lake palisomeka +22. Aliongeza bidii, ndiyo, lakini hakuna mtu anayejifunza kukaba upya ndani ya kiangazi kimoja kiasi cha kuruka hatua 45. Sehemu kubwa ya tofauti ile ilikuwa ni timu.

Timu ikifungwa kila wiki, takwimu za kila aliyemo hubeba harufu ya kushindwa. Kazi ya mchambuzi ni kutenga kile ambacho mchezaji amekifanya mwenyewe na kile alichobebeshwa na wenzake, kipa wake, matokeo yaliyo ubaoni na bahati. Zipo dhana kadhaa zinazoharibu kazi hiyo.

Dhana: Mwenye mainasi kubwa ndiye anayeifungisha timu

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, kwa sababu plasi-mainasi inaonekana ya haki. Kila timu inapofunga, wachezaji wake waliopo kwenye barafu hupata +1 na wa upande wa pili -1. Mabao yanayofungwa na timu yenye mtu wa ziada, mpinzani akiwa kwenye kizimba cha adhabu, hayahesabiwi. Lakini timu iliyopungukiwa mtu ikifunga, hesabu inaingia.

Tatizo ni kwamba bao moja linagawiwa sawasawa kwa watu ambao hawakulichangia sawasawa. Winga aliyeingia sekunde tatu zilizopita, paki (kile kisahani cha mpira mgumu) ikiwa tayari inaelekea wavuni, anapata -1 sawa na beki aliyeipoteza.

Washington Capitals walipoanza maisha yao msimu wa 1974/75, walishinda mechi 8 kati ya 80 na kufungwa mabao 446. Beki wao Bill Mikkelson alicheza mechi 59 tu na kumaliza na -82, rekodi mbaya kuliko zote hadi leo. Rekodi nzuri kuliko zote ni ya Bobby Orr, +124 msimu wa 1970/71, na Boston Bruins aliyoichezea ilifunga mabao 399 mwaka huo. Orr alikuwa gwiji, hilo halina ubishi. Ila ukiwabadilishia jezi watu hawa wawili, hakuna kati yao ambaye angemaliza na namba ile ile.

Kisha kuna mabao ya lango tupu, na hapa ndipo mchezaji bora wa timu dhaifu anapoumizwa zaidi. Timu iliyo nyuma kwa bao moja au mawili humtoa kipa dakika za mwisho ili iongeze mshambuliaji wa sita. Nani anapangwa kwenye hao sita? Wale wazuri. Mpinzani akiinyaka paki na kuisukuma kwenye lango lisilo na mtu, -1 inawaangukia wao. Timu inayopoteza mechi 50 kwa msimu hufanya hivi karibu kila wiki. Kwa hiyo ukitaka kutumia hesabu hii hata kidogo, ondoa kwanza mabao ya lango tupu, kisha baki na dakika za watano kwa watano peke yake, yaani kila timu ikiwa na wachezaji watano mbali na kipa. Utashangaa mainasi ngapi zinayeyuka.

Dhana: Akikauka mabao, ameshuka kiwango

Colorado Avalanche msimu wa 2016/17 walishinda mechi 22 kati ya 82 na kukusanya pointi 48. Nathan MacKinnon, aliyekuwa na miaka 21, alifunga mabao 16. Msimu uliofuata alifunga 39 katika mechi chache zaidi. Watu husema alizaliwa upya. Angalia mashuti yake: 251 mwaka wa kwanza, 284 mwaka wa pili. Yaliongezeka, na hilo ni maendeleo ya kweli. Lakini asilimia ya mashuti yaliyoingia ilitoka 6.4 hadi 13.7, na ongezeko la mashuti peke yake haliwezi kueleza mabao 23 ya ziada.

Asilimia ya kufunga huyumba mno, na hesabu yake unaweza kuifanya kwenye kikokotoo cha simu. Chukua mshambuliaji ambaye uwezo wake halisi ni bao 1 kwa kila mashuti 10. Akipiga mashuti 200 kwa msimu, tunatarajia mabao 20. Zidisha 200 kwa 0.1, kisha kwa 0.9, halafu tafuta kipeo cha pili: unapata takriban 4.2. Mara mbili ya hapo kila upande ni kati ya mabao 12 na 28. Mtu yule yule, uwezo ule ule, mwaka mmoja anaitwa mzigo na mwaka mwingine anaongezewa mkataba.

Ndiyo maana kwenye timu inayosuasua unatangulia kutazama idadi ya mashuti kwa kila dakika 60 na mahali yanapopigwa, kabla ya mabao. Mashuti yakibaki pale pale na mabao yakapungua, subiri. Mashuti yakipungua, au yakisogea kutoka mbele ya lango kwenda mbali karibu na mstari wa buluu, ule unaotenga eneo la ushambuliaji, hapo kuna jambo: jeraha, hofu, au kupangwa na watu wasioweza kumfikishia paki.

Kuna kipimo kiitwacho PDO kinachosaidia hapa. Chukua asilimia ya mashuti ya timu yaliyoingia mchezaji akiwa kwenye barafu, jumlisha na asilimia ya mashuti ambayo kipa wake ameyaokoa katika dakika hizo hizo. Kwa ligi nzima jumla ni 100. Mchezaji mwenye 96 baada ya mechi 25 kwa kawaida atapanda bila kubadili chochote. Tahadhari moja: ikiwa kipa wa timu ni dhaifu kweli, hiyo 96 inaweza isifike 100 kamwe, na kosa bado si la mchezaji wa mbele.

Dhana: Tunapiga mashuti mengi, kwa hiyo tunaonewa

Kipimo cha Corsi kinahesabu mashuti yote yaliyojaribiwa: yaliyolenga lango, yaliyokwenda nje na yaliyozuiwa njiani. Kimepewa jina la Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres, ambaye alihesabu hivyo ili ajue kipa amefanya kazi kiasi gani. Leo kinatumika kuonyesha nani anaimiliki paki. Ni kipimo kizuri, lakini kwa timu inayofungwa kina mtego.

Timu inayoongoza hurudi nyuma, hulinda katikati na kuuacha ukingo wazi. Inayofungwa hupata nafasi ya kupiga, tena kutoka mbali. Matokeo yake, timu iliyo nyuma kwa mabao matatu hupandisha Corsi yake bila kuwa hatari. Kwa kuwa timu mbovu hutumia dakika nyingi ikiwa nyuma, wachezaji wake huonekana bora kuliko walivyo. Dawa yake ni kuchuja dakika ambazo matokeo ni sare au tofauti ni bao moja, au kutumia takwimu zilizokwisha kurekebishwa kwa matokeo. Tovuti ya Natural Stat Trick inatoa zote mbili bure. Linganisha pia na mabao yanayotarajiwa, ile xG ambayo mashabiki wa soka wameizoea, kwa sababu yenyewe huangalia umbali, pembe na aina ya shuti.

Hatua inayofuata ni kumlinganisha mchezaji na timu yake. Tuseme beki amecheza dakika 900 za watano kwa watano, na katika dakika hizo timu imejaribu mashuti 780 na kujaribiwa 890. Hiyo ni asilimia 46.7, chini ya nusu, na anayesoma haraka atamkataa. Akiwa benchi, timu hiyo hiyo imejaribu 2,400 na kujaribiwa 3,300, yaani asilimia 42.1. Basi anaiinua timu kwa karibu hatua 4.6.

Hapo hapo usikimbilie kumsifu. Anayelinganishwa na wenzake dhaifu huonekana mrefu hata akiwa wa kimo cha kawaida. Tazama namba zote mbili, ile ghafi na ya ulinganisho, kisha uliza kocha anampanga na nani na dhidi ya nani. Ikiwa alikuwa na mwenzi mmoja wa ulinzi muda mwingi, tenga dakika zao za pamoja, zake bila mwenzake na za mwenzake bila yeye. Kama mwenzake anaporomoka akiachwa peke yake, umemjua anayebeba. Dakika 100 hazitoshi kwa jambo hili. Chini ya 300 sisi huwa hatuhukumu.

Dhana: Anayezuia mashuti na kukumba watu ndiye anayejituma

Huwezi kuzuia shuti wakati paki ni yako, wala kanuni hazikuruhusu kumkumba mtu asiye nayo. Beki anayeongoza kwa kuzuia mashuti mara nyingi ni yule anayekaa eneo lake muda mrefu kwa sababu hawezi kuitoa paki nje. Ni ujasiri, na unauma, lakini kwenye timu iliyobanwa ni dalili ya ugonjwa. Zaidi ya hayo, makumbo na paki zilizopotezwa huandikwa na waandishi wa kila uwanja kwa macho yao, na wengine huandika kwa wingi kuliko wenzao. Kabla ya kutumia namba hizo, tenganisha mechi za nyumbani na za ugenini.

Paki zilizopotezwa zina kasoro nyingine: anayezipoteza nyingi ni yule anayeimiliki sana. Zigawe kwa muda alio nayo au kwa mara alizojaribu kuitoa nje, la sivyo utamwadhibu yule pekee anayethubutu kucheza.

Dhana: Kwenye timu mbovu pointi ni za bure, lazima mtu azipate

Ni kweli mtu fulani atapewa dakika za kikosi cha kwanza wakati timu ina mchezaji wa ziada, na pale pointi, yaani mabao na pasi za mabao, hupatikana kwa urahisi. Ni kweli pia kwamba NHL hutoa hadi pasi mbili kwa kila bao, na ile ya mbali zaidi hutegemea sana bahati. Basi hesabu mabao na pasi ya mwisho tu, za watano kwa watano, zidisha kwa 60 na ugawe kwa dakika alizocheza. Kilichobaki hakikuwa cha bure.

Erik Karlsson, msimu wa 2022/23, alipata pointi 101 akiwa beki wa San Jose Sharks iliyoshinda mechi 22 tu. Plasi-mainasi yake ilikuwa -26. Wapiga kura wa tuzo ya Norris ya beki bora hawakubabaika na mainasi ile, walimpa.

Dhana: Kipa anayepoteza mechi nyingi ndiye tatizo

Roberto Luongo, akiwa Florida Panthers msimu wa 2003/04, alipoteza mechi 33 na kushinda 25. Alipigiwa mashuti 2,475, akaokoa 2,303, rekodi ya ligi. Hiyo ni asilimia 93.1. Kipa wa asilimia 91 angeruhusu mabao 223 kwa mashuti hayo. Luongo aliruhusu 172. Aliwaokoa mabao 51, na bado hawakufika hatua ya mtoano.

Ushindi wa kipa usiutazame. Wastani wa mabao kwa mechi nao utazame kwa shaka, kwa kuwa unapanda kila mashuti yanapoongezeka. Asilimia ya kuokoa ni bora, ingawa mabeki wanaoruhusu mashuti ya karibu huishusha. Kwa timu dhaifu, kipimo cha kuaminika ni xG ya mashuti aliyopigiwa ukitoa mabao aliyoruhusu, kama kinavyotolewa na tovuti ya MoneyPuck.

Dhana: Haya yote yanahitaji kompyuta za NHL

Klabu ndogo, iwe Minnesota au kwenye barafu ya Nairobi inapochezea timu ya Ice Lions, inaweza kufanya sehemu kubwa kwa karatasi na simu inayorekodi. Watu wawili wanatosha. Mmoja anaandika namba za jezi za waliopo kila shuti linapojaribiwa, kwa upande wowote, na kuweka alama mahali lilipopigwa kwenye mchoro wa uwanja. Wa pili anaandika saa ya kuingia na kutoka kwa kila mchezaji. Kosa la kawaida ni kuandika mashuti yaliyolenga lango peke yake. Mechi moja hutoa machache mno, na utahitaji msimu mzima kuona chochote. Kosa lingine ni kumwachia mzazi au rafiki wa mchezaji amhesabie mtu wake. Baada ya kila mechi tano jumlisha, gawa kwa dakika, na umwonyeshe mchezaji mchoro wa mashuti pamoja na video ya zamu zake.