Mbano wa nanosekunde kumi

Juzi nilipita Ngamiani, hapa Tanga, kwa fundi wa kuchomelea, kuchukua grili ya dirisha. Mzee akaniuliza huko ughaibuni nilisomea nini miaka yote ile.

“Mbano wa plazma, mzee wangu.”

“Unabana nini, mwanangu?”

Nikaomba betri ya bajaji na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nikakata vipande viwili vyembamba, nikavining’iniza karibu karibu, nikapitisha umeme kwa kugusa tu, vyote viwili kutoka juu kwenda chini. Vikarukiana. Nyaya zenye umeme unaokwenda njia moja huvutana. Sasa chukua bomba zima linalopitisha umeme: kila upande unauvuta mwenzake, na bomba linajifinya lenyewe. Mwaka 1905, Pollock na Barraclough wa Chuo Kikuu cha Sydney walichunguza bomba la shaba lililokuwa kinga ya radi. Radi ilikuwa imelibana na kulipinda bila nyundo ya mtu.

Mtambo wetu wa chuoni ulitumia nguvu hiyo hiyo kwenye plazma, yaani gesi iliyopata moto hadi inapitisha umeme. Filippov kule Moscow na Mather kule Los Alamos waliufikia kila mtu kwa njia yake. Miaka ya 1980 Sing Lee wa Chuo Kikuu cha Malaya akabuni aina ndogo ya bei nafuu kwa ajili ya nchi kama zetu. Chuo Kikuu cha Zimbabwe kilikuwa nao. Una kapasita, chombo cha kuhifadhia umeme, ya maikrofaradi 30 inayochajiwa hadi volti 15,000, yaani jouli 3,375. Taa ya wati 60 inazimaliza kwa dakika moja hivi. Ila kapasita inazimwaga kwa maikrosekunde tatu, yaani sehemu tatu za milioni za sekunde, na umeme unafika ampea 170,000. Mashine ya mzee ikichomelea geti inatumia kama 150.

Ndani ya chemba kuna nguzo ya shaba katikati, na fito sita kuizunguka. Umeme unaanza kutambaa juu ya bomba la kioo chini ya nguzo, unafanya utando wa plazma, na utando huo unasukumwa kwenda juu ukizoa gesi yote njiani. Vitabuni wanaufananisha na jembe la kusukumia theluji. Mtu wa Tanga theluji kaiona kwenye friza. Mimi huwaambia wanafunzi wafikirie juya linavyokokotwa ufukweni. Mwishoni mwa nguzo utando unakwenda kama sentimita 10 kwa maikrosekunde. Kwa mwendo huo, hapa hadi Pangani ni nusu sekunde. Ukifika kwenye ncha hauna tena cha kuegemea, unajifunga kuelekea katikati, na gesi yote iliyozolewa inabanwa kuwa uzi wa unene wa milimita mbili hivi. Uzi huo unaishi nanosekunde kumi, yaani sehemu kumi za bilioni za sekunde.

Kwa macho huoni kitu zaidi ya mwako. Unachokisubiri ni shimo kwenye mstari wa osiloskopu, chombo kinachochora umeme kwenye skrini: umeme unaporomoka ghafla na volteji inaruka. Wiki moja tulifyatua mtambo mpaka tukachoka, shimo hakuna. Tukalaumu swichi, tukalaumu pampu, tukalaumiana. Kumbe tulikuwa tumeweka bomba jipya la kioo, safi mno. Linataka kuzoeshwa kwa mipigo mingi, lishike utando mwembamba wa metali, ndipo umeme utambae sawasawa.

Hapo kwenye shimo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Ukitia deuteri, yaani hidrojeni nzito, viini vyake vinaungana kama vya jua, kila mpigo mzuri unatoa nyutroni kama milioni 100, na mtu anaruka: jua dogo mezani! Lakini uzi ule haudumu. Unaingia viuno kama shanga, kisha unakatika, na mkatiko huo unazaa volteji kubwa kuliko ile ya kapasita. Ioni, yaani atomi zenye chaji, zinarushwa kwa nishati kubwa na kugonga deuteri iliyo mbele yake. Nyutroni nyingi zinatoka kwenye kugongana huko kuliko kwenye joto la mbano wenyewe. Na hesabu yake ni chungu: viini vilivyoungana vinatoa kama sehemu moja ya elfu kumi ya jouli.

Tumaini la zamani lilikuwa kwamba nyutroni zinaongezeka kwa kipeo cha nne cha umeme. Zidisha umeme mara mbili, upate mara 16. Wakajenga mitambo ya megajouli, yaani jouli milioni, nyutroni zikagoma kupanda kwa kasi ile. Lee alieleza sababu yake: utando unaokimbia ni ukinzani wenyewe, miliohmu tano hivi, na haupungui hata ukiongeza kapasita. Benki ya kapasita inakua, umeme haukui nayo.

Mimi nilimalizia masomo kwa neoni badala ya deuteri. Ikibanwa inatoa eksirei laini, yaani zenye nishati ndogo, na hizo hazisubiri viini viungane.