Je, muuza dagaa wa Mwaloni anaweza kuwa mtakatifu bila kuacha biashara?

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, magunia ya dagaa kutoka Ukerewe na visiwa vya jirani yanashushwa, wachukuzi wanapaza sauti wapishwe njia, na akina mama wanazamisha mkono ndani ya gunia, wanachota dagaa na kuwasugua kiganjani kuona kama wana mchanga. Mwambie mmoja wao kwamba anaitwa kuwa mtakatifu, huenda akakujibu, "Hayo ya mapadri na masista, mwanangu. Mimi natafuta ada ya watoto."

Wengi tunafikiri hivyo hivyo, lakini Kanisa Katoliki halifundishi hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati ya Lumen Gentium ya tarehe 21 Novemba 1964, ulitenga sura nzima, ya 5, kueleza kwamba kila mbatizwa anaitwa kwenye utakatifu: mwenye ndoa, mjane, mgonjwa, kibarua. Utakatifu, kwa mafundisho hayo, ni ukamilifu wa mapendo, na mapendo hayo chanzo chake ni neema ya Mungu tuliyoipokea katika ubatizo. Hayaanzii kwenye kanzu wala shela.

Wala wazo hilo halikuzaliwa 1964. Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, alitoa kitabu mwaka 1609 kwa ajili ya watu wanaoishi na familia zao na kazi zao. Humo anauliza kama inafaa fundi ashinde kanisani kutwa kama mtawa. Jibu lake ni hapana. Ibada inayomfanya mtu aache wajibu wake si ibada ya kweli. Kwa hiyo mama anayeacha mgonjwa nyumbani bila uji ili awahi novena, sala ya siku tisa, angesikia neno zito kutoka kwa askofu huyo, na mimi naona angestahili kulisikia.

Sasa kazi inageukaje kuwa njia ya kwenda kwa Mungu? Jibu tunalo mdomoni tangu utotoni. Katika sala za asubuhi tunasali Nia Njema: "Kumheshimu Mungu wangu, namtolea roho yangu, nifanye kazi nipumzike, amri zake tu nishike." Kwa sala hiyo mtu anaikabidhi siku nzima kabla haijaanza, kazi pamoja na usingizi. Lumen Gentium, namba 34, inasema kazi za kila siku, maisha ya ndoa na hata taabu zinazovumiliwa, zikifanyika katika Roho, zinakuwa sadaka ya kiroho inayotolewa pamoja na Mwili wa Bwana katika Ekaristi. Ndiyo maana waamini wanapopeleka vipaji altareni Jumapili, wanapeleka na jasho la wiki nzima.

Lakini ukishatoa siku yako kwa Mungu, huwezi kufanya nayo unavyotaka. Hapa ndipo dagaa wanarudi. Dagaa waliokaushwa chini hushika mchanga. Waliokaushwa juu ya chanja hutoka safi na bei yao hupanda. Kishawishi cha kuweka wale wa chanja juu ya gunia na wale wa mchanga chini kinajulikana na kila mfanyabiashara. Mama anayemwambia mteja, "Hawa wana mchanga, bei yao ni hii," huku akijua faida inapungua, ametenda haki kwa jirani yake. Kama alimtolea Mungu siku ile, tendo lile nalo ni sala. Naamini hivyo kabisa.

Historia ya ziwa letu, Ziwa Viktoria, inathibitisha kwamba utakatifu hukua ndani ya kazi. Mwishoni mwa mwaka 1882 wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe, waliondoka Buganda wakavuka kuja upande wetu wa kusini, wakaweka makao Bukumbi. Waliporudi Buganda mwaka 1885, walikuta Wakristo wameongezeka. Kwa karibu miaka mitatu Wakristo hao hawakuwa na padri wala Misa. Walei, waamini wasio mapadri wala watawa, ndio waliofundishana imani, majumbani na kwenye shughuli zao. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda. Noe Mawaggali alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Andrea Kaggwa aliongoza wanamuziki wa ikulu. Wote watatu wamo kati ya Mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, mwezi mmoja tu kabla ya Lumen Gentium. Ushujaa wao mbele ya kifo ulikomaa katika ile miaka ya kazi na kufundishana.

Wenye ndoa nao wamo: mwaka 2015 Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, yeye fundi saa na mkewe mfanyabiashara wa lesi, walitangazwa watakatifu pamoja.

Anayetaka kuanza aanzie jioni. Katika sala za usiku tunanyamaza kidogo kuwaza tulipokosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Ukimya huo mara nyingi tunaupita mbio. Muuza dagaa autumie kupitia siku yake kwa majina na bei: nani nilimpunja kwenye kipimo, mchukuzi gani nilimcheleweshea ujira wake, nani alinikosea nikamjibu vizuri. Kesho akifika sokoni, aanze kwa kumlipa yule mchukuzi.