Unakwenda kusoma ng'ambo kwa wiki chache? Anza na jina lako

Anayekwenda kusoma ng'ambo kwa miaka mitatu akiteleza, ana muda wa kujirekebisha. Wa wiki tatu hana muda huo. Siku mbili zikipotea kwa kuhangaikia laini ya simu na koti la baridi, ni masomo yaliyopotea. Ndiyo maana sisi tunaowahudumia wanafunzi wanaosafiri kutoka Mombasa tunasisitiza kazi kubwa imalizike hapa nyumbani, tena mapema.

Jina ndilo la kwanza. Hapa Pwani si ajabu cheti cha kuzaliwa kusema Mohamed, kitambulisho Muhammad na cheti cha KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne, Mohammed. Mtaani hakuna anayejali, lakini ubalozini wataona watu watatu. Tandaza hati zako zote mezani, uzisome herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na mpangilio wa majina. Penye tofauti, sahihisha kabla hujaomba pasipoti, kwa maana barua ya mwaliko, tiketi na bima zote zitafuata jina la pasipoti. Maombi yenyewe hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unafika ofisi ya Uhamiaji kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia visa moja, kama Ujerumani, Ufaransa na Italia, ombi la visa hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Hizo 15 usizitegemee kabisa. Pasipoti isiwe imepita miaka 10 tangu itolewe, iwe na kurasa 2 tupu, na iendelee kutumika kwa angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka huko. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Mara nyingi itakubidi ufike Nairobi mwenyewe, basi tenga nauli ya treni au basi na pa kulala.

Taarifa ya benki nayo ina mtego wake. Ndugu na jamaa huchanga kwa nia njema, na akaunti iliyokuwa na shilingi elfu mbili inaamka na laki tatu wiki moja kabla ya ombi. Afisa wa visa analiona hilo mara moja, na atauliza pesa zimetoka wapi. Ni afadhali mzazi aandike barua kwamba ndiye anayekugharamia, aambatanishe taarifa ya akaunti yake ya miezi iliyopita na hati ya mshahara au leseni ya biashara yake, hata kama ni duka dogo tu. Ongeza barua ya chuo inayotaja muhula unaofuata unaanza lini. Anachotaka afisa huyo kujua zaidi ni kama utarudi.

Sasa begi. Najua mama hapendi mtoto aende mkono mtupu, lakini Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa kutoka kwetu, kwa hiyo sambusa za nyama zibaki. Embe huhitaji cheti cha afya ya mimea. Tende, nazi, ndizi na nanasi hazihitaji. Miraa usiiguse kabisa, hata ukibembelezwa umpelekee mtu kifurushi: Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na Ujerumani pia ni kosa la jinai. Koti zito utalipata kwenye mitumba ya soko la Kongowea hapa Mombasa. Chukua na adapta, kwani soketi zao nyingi ni za pini mbili za mviringo.

Kwa Waislamu, fahamuni kwamba Berlin mwezi wa Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku. Magharibi huingia wakati hapa kwetu watu washaswali Isha, na Alfajiri huwahi mno. Pangeni usingizi mapema, na muulize wenyeji kuhusu chakula halali kabla ya kuondoka.

Laini yako ya Kenya usiizime. Washa huduma ya kutumia simu nje ya nchi ungali hapa, la sivyo namba ya siri ya muda ambayo benki hutuma kwa ujumbe wa simu haitakufikia. Mwachie mzazi nakala ya pasipoti, anwani utakakolala na namba ya mwalimu anayewapokea, akiwa nazo kwenye karatasi, si kwenye simu pekee.