Kabla ya Kulaumu Faiba, Kagua Poti ya Ruta

Malalamiko tunayoletewa sana kwenye kitengo chetu cha mtandao hapa Dodoma yanafanana: ofisi imefungiwa faiba, kifurushi kimelipiwa, taa za ruta zinawaka, lakini ukituma faili kubwa au ukiingia kwenye kikao cha video, kila kitu kinakwama. Lawama zote kwa mtoa huduma. Naomba kwanza ikaguliwe poti ya Etheneti ya ruta, yaani tundu la waya wa mtandao, inayopokea waya kutoka kwenye kifaa cha faiba.

Ncha mbili za waya huo lazima ziafikiane kasi na dupleksi. Dupleksi kamili ni kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Nusu dupleksi ni kwa zamu. Vifaa vikiachwa kwenye otomatiki huelewana vyenyewe. Kasheshe huanza fundi anapoifunga poti ya ruta kwenye Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde), dupleksi kamili, huku upande wa pili umebaki otomatiki. Upande huo hutambua kasi, ila dupleksi haujatajiwa, na kanuni za Etheneti zinautaka uchukue nusu. Basi mmoja anatuma muda wowote, mwenzake anangoja zamu. Data zinagongana, zinatupwa, zinatumwa upya. Ukipima kwa ping, jaribio la kuona kama kifaa cha mbali kinajibu, utaona shwari, kwa kuwa pakiti zake (vipande vya data) ni ndogo na chache.

Ingia kwenye ruta, fungua hali ya poti, soma hesabu za makosa. Upande wa dupleksi kamili, makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika, yatakuwa yanapanda. Upande wa nusu, migongano iliyochelewa (late collisions). Ukiyakuta hayo, rudisha pande zote mbili kwenye otomatiki.

Poti ikionyesha Mbps 100 na kifurushi ni cha 200, shuku waya. Mbps 100 hutumia jozi mbili za nyuzi, gigabiti (Mbps 1000) inataka zote nne. Jozi moja ikilegea kwenye plagi, mara nyingi kasi hushuka bila taarifa yoyote. Waya nao usizidi mita 100.

Kwa wanaounganishwa kwa PPPoE, yaani ruta huingia kwa jina la mtumiaji na nywila za mtoa huduma, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja) huwekwa baiti 1492 badala ya 1500, maana baiti 8 huchukuliwa na PPPoE yenyewe.

Na wenye ofisi za majengo mawili, tafadhali sana: msivute waya wa shaba nje kutoka jengo hadi jengo. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili huja na radi, na hata ikipiga jirani tu, umeme wake unaweza kuingia kwenye waya huo ukaua poti za pande zote mbili. Hapo vuteni faiba isiyo na chuma ndani.