Maziwa hayaoshi salfa kifuani jamani

Mtu katoka kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, Tandahimba, uso wote njano, ananiambia dokta usihofu, nshakunywa maziwa. Kila msimu wa salfa huku Mtwara ni wimbo huohuo. Maziwa yanapita kwenye umio yanaenda tumboni, basi. Yakiingia mapafuni ujue umepaliwa, na hapo unatafuta nimonia.

Nikishasema hivyo linakuja la pili, ndo linalonichefua hasa: basi nipe kitu cha kupandisha kinga ya mapafu. Ipande iende wapi? Vumbi kubwa linanasa kwenye ute, vinyweleo vinalisukuma juu, unatema au unameza, hilo halina mjadala. Lile laini linafika mpaka kwenye vifuko vya hewa, kule hakuna vinyweleo, kuna makrofeji, seli ya ulinzi inayomeza uchafu, na huyu kazi yake kubwa siyo kelele, ni kumeza na kunyamaza, kama balozi wa nyumba kumi anayemaliza kesi barazani kabla haijafika polisi. Ukuta kati ya hewa na damu pale penye wembamba haufiki hata maikromita 1, sasa kila punje ya vumbi ingeita jeshi zima la nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu za mapambano, na majimaji yake si ungezama uko nchi kavu?

Anayemtuliza makrofeji kwa sehemu kubwa ni safaktanti, utando wa mafuta na protini unaopaka vifuko vya hewa kwa ndani. Watu wanaijua kwa watoto njiti tu, vifuko vinasinyaa ikikosekana, sawa, watafiti Avery na Mead walionyesha tangu 1959. Ila humo mna protini SP-A na SP-D zinazokamata sukari za juu ya vijidudu na kuvishikanisha ili vilike kirahisi. Na utamu uko hapa: kichwa cha protini kikiwa hakijashika kitu kinagusa SIRP-alfa, kipokezi kilicho juu ya makrofeji, maana yake tulia. Kikishakamata kijidudu, mkia ndo unamfikia makrofeji kwa mlango mwingine, maana yake amka. Protini ileile! Modeli hiyo ya 2003 naipenda, ila imenyooka mno kwa roho yangu. Chukua TB: maabara SP-A inawasaidia bakteria kuingia ndani ya makrofeji, SP-D inawazuia, halafu panya waliotolewa protini zote mbili wanaidhibiti TB kama wenzao. Vitabu hapo vinapita kimyakimya.

Makrofeji huyohuyo ndo anakula safaktanti iliyochakaa, na anahitaji GM-CSF, protini ya mwili inayompa ishara, ili afanye hivyo. Mwili ukitengeneza antibodi (kingamwili) dhidi ya GM-CSF, safaktanti inajaa kifuani mtu anabanwa, na huyo tunamwosha mapafu kweli, kwa maji ya chumvi, kalazwa usingizi wa ganzi. Siyo maziwa.

We mpulizaji vaa barakoa ya maana, kanga mdomoni haichuji vumbi laini, upepo uwe mgongoni, na sigara acha. Kikohozi kikifika wiki 2 nenda katoe kohozi upimwe TB, usikae unasingizia salfa mpaka msimu uishe.